Maana Rasmi ya Kuovadu

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Mkiiona mahali mnapopajua, hayo ni macho yenu, mimi simo. Iliitwa Jamhuri ya Zaidi. Ilikuwa na amani, bendera, wimbo wa taifa wenye beti ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia zote, na meza zilizolowa chai.

Habari ya meza niieleze mapema, maana wageni walikuwa wakiishangaa. Zamani kidogo Bunge la Zaidi lilipitisha sheria ya kustaafisha baadhi ya maneno kwa manufaa ya umma. Neno "kuzidisha" lilistaafishwa kwanza, kwa kosa la kuwakatisha watu tamaa. Likafuatwa na "kupita kiasi", halafu "kupindukia", na mwisho "imetosha", ambalo wabunge waliliona la uchochezi kabisa, kwa sababu mtu anayesema imetosha leo kwa chai, kesho atalisemea nini? Tangu hapo, mhudumu wa mkahawa akikumiminia chai huwezi kumwambia asimame. Unamtazama tu. Ukiwa mwepesi unavuta kikombe, ukiwa mzito unaungua mapaja. Wazaidi wengi walikuwa na makovu mapajani na hawakulalamika.

Mlinzi wa maneno hayo yaliyostaafu alikuwa Bwana Kibwana Lugome, Mwenyekiti wa Baraza la Maana. Nyuma ya meza yake kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli, na ndani yake maneno yale yamelazwa, kila moja na maana yake. Kisheria yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuyajua. Wananchi wengine walikuwa wameshayasahau. Waliyasahau wote kwa pamoja, mara tu baada ya taarifa ya habari iliyowatangazia kuwa wameyasahau.

Kibwana hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye mtamkasirikia. Alikuwa na nyumba ya serikali, gari la serikali, na kitambi ambacho nacho kwa sehemu kubwa kilikuwa mali ya serikali. Alipenda kulala bila kugongewa mlango. Mtu wa namna hiyo mnamjua, na wengine mmeolewa naye.

*

Sasa, kulikuwa na Desturi ya Kupiku. Mtukufu Kiongozi alikuwa akizuru wilaya moja baada ya nyingine, na kila wilaya ilitakiwa kumpokea kwa namna itakayoipiku ile aliyotoka. Haikuwa sheria. Ilikuwa heshima tu, na wakuu wa wilaya walioikosea heshima hiyo walihamishiwa vituo ambavyo majina yake hatukuwahi kuambiwa. Wilaya ya kwanza ilimwekea Mtukufu kiti chenye mto. Ya pili ikaona haya kurudia mto, ikaweka kiti juu ya jukwaa. Ya tatu ikaweka jukwaa juu ya jukwaa. Wakaendelea hivyo hivyo, na kufikia siku za hadithi hii Mtukufu alikuwa akihutubia kutoka usawa wa makuti ya minazi, na wananchi walimtambua kwa soli za viatu. Zilikuwa soli nzuri sana, lazima tuseme.

Mbao za viti hivyo hazikushuka kutoka mbinguni. Zilitoka shuleni, sokoni na kwenye madaraja. Ziara ikishapita, wilaya ilibaki na kiti kirefu kitupu, na chini yake watoto wakisoma juani huku wakikatazwa kukiegemea.

Siku moja Mtukufu alimwalika balozi mgeni kuja kushuhudia kiti cha wilaya ya Mbangula, kisha akamwandalia karamu. Balozi alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani na adabu. Aliletewa mbuzi mzima, akajitahidi. Alipopumua, akaambiwa kuwa huyo mbuzi alikuwa wa kufungulia kinywa, ng'ombe anakuja. Kisha akasimama Mheshimiwa Pazi Mkumbukwa, Waziri wa Shangwe na Makofi, akatoa hotuba ya kumtambulisha mtu atakayemtambulisha mtu atakayemkaribisha Mtukufu. Ilikuwa hotuba fupi. Jua lilizama ikiwa katikati.

Balozi akajifuta mdomo, akamwinamia Mtukufu na kumwambia kwa Kiingereza sentensi ndogo ya upole, ambayo ndani yake kulikuwa na kitenzi kimoja: overdo, ambacho kwetu ni lile "kuzidisha" lililolazwa kabatini.

Mkalimani alilisikia. Hapo hapo akashikwa na kikohozi cha ghafla, kikohozi cha kuinama na kushika ukuta, akapelekwa nyumbani, na mpaka leo yuko katika likizo ya ugonjwa.

"Ovadu," Mtukufu alilitafuna lile neno kama anayeonja embe. "Lina mlio mzuri. Pazi, maana yake nini?"

Waziri Pazi alikuwa amesoma ng'ambo na maana aliijua mpaka kwenye unyayo. "Mtukufu," akasema, "mimi ni mtu wa makofi. Mambo ya maana yana wenyewe."

Ikatolewa amri. Baraza la Maana lilete maana ya kuovadu na matumizi yake, mbele ya Baraza la Mawaziri, kabla ya ziara ijayo. Na ziara ijayo ilikuwa ya wilaya ya Kitopeni, alikozaliwa Kibwana.

*

Kabla hajajua aanzie wapi, Kibwana alipata mgeni ofisini. Alikuwa dada yake, Mwajabu, muuguzi mkuu wa zahanati ya Kitopeni, mwanamke aliyemlea Kibwana baada ya mama yao kufariki na ambaye bado alimtazama kama anayetafuta uchafu nyuma ya masikio yake. Aliweka boga juu ya meza, akakaa bila kukaribishwa.

"Kibwana, wamekuja na chaki."

"Akina nani, dada?"

"Watu wa yule Waziri wenu wa makofi. Wamepiga alama kila bati la wodi ya wazazi na kila boriti. Nawauliza, jamani, kulikoni? Wananijibu, hongera mama, zahanati yako imechaguliwa kuwa kiti."

"Kuchaguliwa si jambo baya," Kibwana alisema, na hata yeye sauti yake haikumpendeza.

"Masika hayo yanaingia. Wajawazito wamejaa mpaka kwenye veranda. Unataka niwazalishie mvuani?"

Kibwana alichezea kikonyo cha boga. Mwajabu akasogeza kiti.

"Nimesikia redioni kwamba umeulizwa maana ya neno la yule Mzungu. Ni kweli?"

"Kweli."

"Na maana yake unaijua?"

Kibwana alitazama kabati la chuma, akateremsha sauti. "Naijua. Na maneno yetu yenye maana hiyo yamo humo ndani, yanatosha kulieleza bila tabu."

"Basi mwambie. Hujatumwa vitani, mdogo wangu. Umeulizwa neno, sema neno. Yule mzee hajaambiwa ukweli tangu aote mvi. Akijua mgeni kamwambia nini, ataona haya, na hicho kiti hakitajengwa. Utasema?"

"Nitasema, dada."

"Apa."

"Wallahi nitasema."

Karani alikuja kuwaongeza chai. Alipofika kwenye kikombe cha Mwajabu, yule mama aliweka kiganja juu ya kikombe na kumkazia macho. Karani akaondoka na birika lake, ametahayari, na kwa mara ya kwanza meza ya Baraza la Maana ilibaki kavu.

*

Siku ya kikao Kibwana aliingia na maana ya kweli kichwani, imenyooka, ameifanyia mazoezi bafuni. Alikuwa ameazimia. Nawaambia alikuwa ameazimia, na kama mngemwona alivyopanda zile ngazi mngempenda.

Mawaziri walikuwa wamejaa ukumbini, na Mtukufu yuko juu ya kiti chake cha ndani, ambacho kilikuwa cha wastani, ngazi yake haikufika hata dari.

"Mwenyekiti wa Maana," alisema Mtukufu, "sisi tu tayari. Lakini anza na mfano. Maana tutaielewa tu, sisi ni watu wazima. Tupe mfano wa mtu anayeovadu, tena wa hapa hapa kwetu, ili kila mmoja aone."

Kibwana hakuwa amejiandaa kwa mfano. Alifungua mdomo kusema kuovadu ni kama mpishi anayetia chumvi mpaka mchuzi haulambiki, akakumbuka kwamba Mama wa Taifa ndiye anayepika chakula cha Mtukufu na kwamba habari za chumvi yake zilishamfungisha mtu. Akaufunga. Akafikiri juu ya mtu anayejipaka manukato mpaka jirani anapiga chafya, na hapo hapo Waziri wa Ulinzi, aliyekaa mbele yake, akageuka, na Kibwana akapiga chafya. Akafikiri juu ya mtu anayekula, akaona matumbo yaliyomzunguka. Mtu anayesema sana, akamwona Waziri Pazi. Mtu anayenyamaza sana, akawaona waliobaki. Aliitafuta nchi nzima kona kwa kona, na kila mfano aliouokota ulikuwa na cheo.

"Tunakusubiri," alisema Mtukufu, kwa upole ule ambao watu wake waliuogopa.

Kibwana alimkumbuka dada yake. Ni kweli alimkumbuka, na aibu ilimpanda mpaka shingoni. Kisha akakumbuka nyumba ya serikali.

"Mtukufu," akasema, "kuovadu ni kufanya jambo kwa moyo mkunjufu, kwa ukamilifu wote, mpaka mgeni anayetazama anashikwa na wivu. Na mfano wake ni mapokezi unayopewa wewe na wananchi wako."

Makofi yaliyolipuka hapo yalimfanya Waziri Pazi alie machozi ya kitaalamu. Mtukufu alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi.

"Nilijua tu," alisema. "Yule balozi anatuonea kijicho. Basi mjulisheni kwamba ni kweli tunaovadu, na hajaona kitu."

*

Neno likaingia nchini kwa kishindo. Likawekwa kwenye kanga, kwenye vikombe, kwenye mabango ya barabarani yenye picha ya viatu vya Mtukufu. Magazeti yakaandika kwamba wakulima wa kusini wameovadu kilimo cha maua ya kumlaki Kiongozi, na kwa kuwa mahindi hayakutajwa, tulielewa kwamba hayakulimwa. Walimu wakawafundisha watoto kuovadu utii. Vijana wakatongozana nalo: "Mwenzio nakuovadu." Hata kwenye misiba mtu akilia vizuri, wafiwa walimshika mkono na kumwambia, ahsante ndugu, umeovadu. Waziri Pazi akaanzisha Nishani ya Ovadu, akajitunuku mwenyewe, na baada ya kutafakari akaona moja ni utovu wa nidhamu, akaongeza nyingine.

Wananchi walijua? Mnaniuliza kama walijua! Balozi mwenyewe alipata jibu la serikali, akalisoma, akavua miwani, akaomba uhamisho.

Kibwana alipandishwa cheo. Alipewa kiti kipya ofisini, kirefu, cha kupanda kwa kigoda, na akikaa hapo miguu yake ilining'inia. Alijifunza kutopokea simu kutoka Kitopeni. Karani alizipokea yeye, akawa anasema mwenyekiti yuko kwenye kikao, na Kibwana akawa anajibanza ukutani kama mtu anayemkwepa mdai.

*

Lakini Kitopeni ilikuwa wilaya yake na ziara ilimhusu, akalazimika kwenda. Alifika asubuhi ya sherehe, mvua ya rasharasha inanyesha, na kiti alikiona akiwa bado yuko mbali sana. Kilikuwa mnara. Chini kilishikwa na maboriti, juu kimefunikwa kwa mabati yanayong'aa, na jinsi kilivyokuwa kirefu hakikuwa na ngazi. Kiti chenyewe kilikuwa kimefungwa kamba nene zilizopita kwenye roda juu kabisa ya mnara, na wanaume wenye vifua walisubiri kuzivuta, ili Mtukufu apandishwe polepole huku akishangiliwa. Hakuna wilaya iliyowahi kufikiria kamba. Mkuu wa wilaya alikuwa hashikiki kwa furaha.

Zahanati ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Kuta zilikuwepo. Kibwana aliingia wodi ya wazazi, akajikuta nje. Mbingu ilikuwa pale pale juu ya vitanda, na kila kitanda kilikuwa na mwavuli uliofungwa kwa bendeji kwenye ubao wa kichwani. Wanawake walilala wamejikunja upande usiovujiwa. Mmoja, wa kitanda cha mlangoni, alikuwa amejifungua alfajiri ile. Mtoto alikuwa ndani ya kanga, na kwenye kanga kulikuwa kumeandikwa, nitafanyaje, ndivyo ilivyokuwa: TUOVADU PAMOJA.

Mwajabu alimwona ndugu yake. Hakumsalimu wala kumtukana. Alichukua mwavuli uliokuwa umekatika kifundo, akamkabidhi.

"Mshikie huyu," alisema. "Huu hausimami wenyewe."

Kibwana akasimama pale na suti yake, amemshikia mwavuli yule mama na mtoto, maji yakimwingia kwenye kola. Mama mzazi, ambaye hakumjua ni nani, alimshukuru. Nimewahi kumsikia Kibwana akisimulia habari hii, na kila akifika hapo kwenye kushukuriwa hushindwa kuendelea. Alitamani atukanwe.

Ngoma zikapigwa. Mtukufu alikuwa amefika.

*

Walimkalisha, wakamfunga mkanda wa hariri, wakaanza kuvuta. Kiti kikapanda, na makofi. Kikapanda tena, na vigelegele. Waziri Pazi alisimama chini na kipaza sauti akiongoza. Wananchi walikuwa wamelowa chapachapa na walishangilia kwa bidii, maana kushangilia kulikuwa na joto.

Kiti kilipofika usawa wa minazi, yaani pale Mbangula walipoishia, upepo ulikivuta pembeni, kikazunguka, kikagonga mabati kwa kishindo. Watu waliona soli za viatu zikikakamaa. Kisha ikasikika sauti ya mzee kutoka juu, nyembamba, sauti ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo.

"Imetosha!"

Vigelegele vilikatika katikati. Neno lile halikuwa limesikika hadharani kwa miaka, na kila mtu pale alilijua kama anavyolijua jina la mama yake, na hakuna aliyethubutu kulijua. Wavuta kamba walitazamana. Kulielewa neno lililostaafu ni kosa. Mmoja wao akauliza kwa sauti, ili mashahidi wamsikie, "Jamani, Mtukufu kasemaje? Mbona lugha ngeni?"

"Imetosha! Nishusheni! Inatosha, nyie watu!"

"Mtukufu amefurahi!" alipaza Waziri Pazi, jasho na mvua vikimchuruzika pamoja. "Anasema tuovadu! Vuteni!"

Wakavuta. Na nisiwasingizie, walivuta huku wakilia. Kiti kikazidi kupanda kikiyumba, kiatu kimoja kikadondoka na kupokewa kwa shangwe. Mzee akashikilia boriti kwa mikono miwili, boriti ya wodi ya wazazi yenye alama ya chaki, akatazama chini, na katika ule umati akamwona mtu mwenye mwavuli mbovu amesimama mlangoni pa zahanati.

"Kibwana!" alilia. "Wewe mtu wa maneno! Wewe umeruhusiwa kulijua! Waambie maana yake!"

Watu wakageuka wote. Waziri Pazi alimkimbilia, akamshika mkono, akamnong'oneza huku akitabasamu kwa ajili ya picha. "Mzee wangu, tumia akili. Ukilieleza hilo, utaulizwa pia maana ya lile jingine. Utakuwa ulimdanganya. Sema ni neno la furaha, twende zetu."

Kibwana alimtazama dada yake. Mwajabu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imejaa pamba, hasemi kitu. Hilo ndilo lililomsumbua, kwamba safari hii hakumwapisha. Akamrudishia mwavuli, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Waziri.

"Imetosha," alisema, "maana yake ni kwamba kilichowekwa kinafaa, na cha kuongeza hakihitajiki. Mtu akisema imetosha, unaacha kuvuta. Acheni kuvuta."

Wakaacha.

"Na kuovadu ni kuongeza pale palipokwisha kutosha, mpaka kitu kinaharibika. Ndiyo maana yake, niliijua toka mwanzo, nikaogopa. Balozi hakutuonea wivu, alituonea huruma. Mfano ni hicho kiti. Ni paa la wazazi. Mshusheni mzee, na kila bati lirudi lilikotoka."

Hakuna aliyepiga makofi. Wazaidi hawakuwa na mazoea ya kusikia hotuba fupi, wakafikiri itaendelea. Kisha kamba zikaanza kulegezwa, taratibu, na Mtukufu akashuka mpaka akagusa tope, akakaa ndani yake na soksi moja, akalishika tope kwa mikono miwili na kukataa kusimamishwa.

*

Jioni ile ile mabati yalianza kurudishwa, wenyewe wananchi wakayabeba kichwani. Kibwana alirudi mjini, akapanga nguo kwenye sanduku dogo na kusubiri mlango ugongwe. Ulipogongwa alikuwa ameshavaa. Lakini aliyekuja alikuwa mpiga picha wa serikali. Mtukufu, ambaye tangu siku ile hakutaka hata kusimama juu ya zulia nene, alikuwa ameokoka. Ametangaza kipindi kipya cha kitaifa cha Kiasi, na Kibwana ndiye baba wa kipindi hicho.

Maneno yaliyostaafu yakarudishwa kazini kwa gwaride. "Imetosha" likafanywa salamu ya taifa. Mkikutana mnasema, "Imetosha!" na mwenzako anaitikia, "Imetosha sana!" Waziri Pazi akateuliwa kuwa Waziri wa Kiasi, na katika hotuba ya kuapishwa alizungumzia ubora wa kusema machache, tangu asubuhi mpaka waliozimia walipopewa maji, nusu kikombe kila mmoja.

Lakini Desturi ya Kupiku hakuna aliyekumbuka kuistaafisha. Ziara zikaanza upya. Wilaya ya kwanza ilimwekea Mtukufu kiti kifupi. Ya pili ikamwekea kigoda, ya tatu mkeka. Ya nne, kwa kuwa chini ya mkeka hakuna kitu, ikachimba shimo. Wananchi sasa walimtambua Mtukufu kwa kofia. Mikahawani ukiagiza chai ulipewa kikombe kilicholowa kidogo kwa ndani, na meza zilikauka mpaka zikapasuka.

Kibwana alikuwa ofisini, bado juu ya kile kiti chake kirefu kwa kuwa hakuna aliyeleta kibali cha kukibadilisha, alipoingia Mwajabu amejitwika furushi. Alilifungua juu ya meza. Vikamwagika vipande vya mbao vya duara, vimepakwa rangi nyeupe ya hospitali, vingi mno, vingine vikaviringika mpaka chini ya kabati.

"Nini hivi, dada?"

"Miguu ya vitanda," alisema Mwajabu. Alikaa sakafuni, amechoka, akaegemea ukuta. "Wamekuja na misumeno. Wanasema vitanda vyetu vina kimo kisicho na kiasi, na Mtukufu anakuja. Sasa nawahudumia wazazi nikiwa nimepiga magoti. Paa wamelipunguza nusu, kila kitanda kipate mvua ya wastani."

Kibwana alichukua mguu mmoja wa kitanda, akaugeuzageuza. Ulikuwa na alama ya msumeno ambayo bado ilinukia.

"Nipe neno jingine, Kibwana," alisema dada yake. Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anaomba kweli, kama mtu anavyoomba dawa. "Humo kabatini hamjabaki lolote?"

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa akaingia fundi wa serikali mwenye msumeno na tabasamu, na beji ya Kiasi kifuani. Aliinama kwa adabu.

"Mheshimiwa, pole kwa usumbufu. Nimetumwa na Waziri. Ni hicho kiti chako, miguu yake."

"Chukua," alisema Kibwana. "Kata. Nilishakichoka."

Fundi akapiga magoti, akakata. Kibwana akateremka mpaka kimo cha ofisa wa kawaida, nyayo zikagusa sakafu kwa mara ya kwanza tangu apandishwe cheo, na kusema kweli alijisikia vizuri. Fundi akafuta jasho, akapima kwa jicho, akauweka msumeno tena, juu zaidi.

"Imetosha," alisema Kibwana.

"Imetosha sana, mheshimiwa!" aliitikia fundi kwa furaha, akaendelea kukata.